Pipa la Nyumba 27

Jumanne, 3 Juni 2025

Simu ya Omariba imelia asubuhi. Nilikuwa nakaanga mandazi ya kuuza, nikaiacha ilie. Nani atampigia mtu ambaye hajaonekana tangu Februari? Kumbe ni meseji. Na picha.

"Asante, Omariba! Pipa lako la buluu leo ni safi. Endelea hivyo."

Nilikaa chini. Mandazi yakaungua.

Ni ile kamera ya lori la taka kule estate ya chai. Pipa likimwagwa, inapiga picha. Ukichanganya nepi na chupa, unaambiwa kwa simu yako, na kitu chenyewe unarudishiwa mlangoni. Omariba mume wangu aliipenda kamera hiyo kuliko nyama! Alikuwa anaosha pakiti za maziwa kwa maji niliyoteka mimi, halafu anazikunja pembetatu kama sambusa. Laini nzima ya nyumba za wafanyakazi walimwita Profesa wa Takataka.

Lakini nyumba yetu, 27, imefungwa. Kampuni ilitia kufuli mwezi wa tatu, mimi nikahamia hapa Kapsoit. Nani ametoa pipa?

Wamekosea namba. Ndiyo. Wamekosea.

Jumatano, 4 Juni

Nimempigia Kipkurui, yule kijana wa ofisi ya mradi wa taka. Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Mama Mellen, kila bin iko na chip yake. Kamera haijui mtu, inajua bin. Hiyo ni ya 27."

Nikamwambia 27 hakuna mtu. Akasema basi nilete death certificate, cheti cha kifo, atoe jina la mzee kwa system. Niitoe wapi? Mwili hakuna! Zilipatikana gumbuti zake tu kando ya mto, zimepangwa pamoja, soksi ndani. Nimemkatia simu.

Halafu nikaikuza ile picha. Chupa mbili. Kopo la mafuta. Pakiti za maziwa.

Zimekunjwa pembetatu.

Jumanne, 10 Juni

Imekuja tena. Safi. Sijamwambia mtu.

Alhamisi, 12 Juni

Gichana, shemeji yangu, amekuja kutoka Nyamira. Wazee wameamua Omariba azikwe. Gogo la mgomba litawekwa ndani ya jeneza badala yake, livalishwe shati lake, ili aache kutangatanga. Wanangoja neno langu tu. Neno langu na shati.

Nikasema bado. Akasema: "Shemeji, unangoja nini? Hata mtoto anataka kujua kama ako na baba ama hana."

Hilo limenichoma. Mellen yuko bweni, na kila akipiga simu anaanza na hilo: baba amerudi? Nikisema azikwe, ni kama nimemuua kwa mdomo wangu. Nisiposema, mtoto atauliza mpaka azeeke.

Nilimwonyesha Gichana picha. Akasema pakiti ni pakiti. Lakini chai yake hakuimaliza.

Jumapili, 15 Juni

Nimeenda laini mwenyewe. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mabati, majani chai huyaoni.

Pipa liko mlangoni pa 27. Limepinduliwa ili likauke. Hivyo ndivyo alivyokuwa akiliacha — na mimi nikiligonga kwa mguu kila asubuhi na kumtukana!

Janeffer wa 26 alikuwa nje anachambua mboga za sagaa. Anasema alidhani ni mimi huja kulitoa. Mtu mwenyewe hajawahi kumwona kwa macho. Anasikia tu. Unasikia nini, Janeffer? Akasema maji. Mtu anaosha kitu kwa karai, polepole. Hakuniangalia usoni. Na maji ya nyumba hiyo yalikatwa siku ile ile ya kufuli.

Nimetikisa kufuli. Imeshika kutu. Haijaguswa.

Jumanne, 17 Juni

Hakuna meseji. Nimebeba simu yake siku nzima, mpaka chooni. Hakuna.

Nikalia, mimi mtu mzima. Kumbe nilikuwa nangoja! Wiki mbili nimejidai naogopa, kumbe nangoja asante ya kompyuta.

Basi, imetosha. Nimempigia Gichana. Nimemwambia mzikeni.

Alhamisi, 19 Juni

Tumezika. Mchungaji alikataa kuombea mgomba, akatuombea sisi tulio hai.

Shati nimelivalisha mimi mwenyewe. Lile la mistari ya buluu, lenye kifungo cha tatu nilichokishona kwa uzi mwekundu kwa sababu mweupe ulikuwa umeisha. Alikuwa akilivaa hivyo hivyo kanisani bila kulalamika. Nimefunga vifungo vyote. Mgomba ni baridi, na unatoa maji — yaliloanisha kifua cha shati. Nikaangalia misumari ikipigwa. Nikaangalia udongo mpaka koleo la mwisho.

Mellen alinishika mkono. "Mama, sasa tumejua?"

Nikasema ndiyo, mwanangu. Tumejua.

Jumanne, 24 Juni

Saa mbili asubuhi.

"Omariba, leo tumeona kitu kisichofaa kwenye pipa lako: NGUO. Tafadhali ioshe, ianike, umpe anayehitaji."

Mistari ya buluu. Imejaa udongo. Nimeikuza picha, Mungu wangu, nimeikuza mpaka ikakataa kukua. Kifungo cha tatu. Uzi mwekundu.

Nimempigia Gichana, nikamwambia aende kaburini asikate simu. Nimesikia hatua zake. Akasema liko sawa, Shemeji, hakuna aliyelichimba, hata maua hayajasogea. Kisha sauti yake ikabadilika: "Kwani umeona nini?"

Nimekata simu. Nimechukua boda mpaka laini.

Sasa nimekaa kwenye ngazi ya 27, naandikia magotini. Kufuli ni ile ile, na kutu yake. Pipa limepinduliwa. Nilitazamia kukuta shati pale walipolirudisha, juu ya pipa, na udongo wake. Halipo.

Liko nyuma ya nyumba, kwenye waya wangu wa nguo. Limeoshwa! Limeanikwa kwa mikono, vibanio viwili. Udongo hakuna hata chembe. Linachuruzika maji, chini pamelowa padogo tu, maana yake aliyelianika ametoka hapa sasa hivi. Nimeita. Nimeita jina lake kwa sauti, kisha nikaita kwa Kikisii, vile mama yake humwita. Majani chai yamenyamaza tu.

Janeffer amesimama mlangoni pake, analia, ananiambia Mama Mellen, twende, twende kwa mchungaji. Aende yeye. Mellen atapiga simu jioni, na nilimwambia tumejua.

Jua limetoka. Mkono mmoja wa shati umeshaanza kukauka. Siendi popote. Nguo ikikauka, aliyeianika huja kuianua —