Kwa Nini Alikubali Upesi Twende Kisiwani

Jumapili. Upepo wa Juni umeanza, ule mkavu unaopasua midomo na kuingiza vumbi mpaka kwenye kopo la sukari. Shule tunafunga Ijumaa. Nimekaa barazani na daftari la safari mapajani, na tangu mchana sijaandika humo hata neno moja.

Basi naandika hapa.

Wanaonisoma siku zote wanajua kwamba mimi ni mwalimu wa jiografia ambaye hajawahi kuiona bahari. Nimezaliwa Tabora, nimesomea Tabora, nimeolewa Tabora. Miaka kumi na minne nachora ubaoni rasi na ghuba, na vile visiwa vilivyojipanga mbele ya nchi kavu, vinavyopokea mawimbi makubwa ili maji ya upande wa ndani yatulie. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza kama chumvi ya bahari inazidi ya mchuzi. Nikamjibu inazidi, bila kupepesa macho. Nilikuwa nakisia.

Kwa hiyo mwezi uliopita, nilipomwambia mume wangu Masudi kwamba likizo hii tuwapeleke watoto baharini, nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi. Masudi ana duka la vipuri vya pikipiki mjini, na kumtoa humo hata sikukuu ni shughuli. Nilikuwa na sababu tano mkononi. Hata ya kwanza sikuimaliza.

Alisema, "Sawa. Tena twende kisiwani kabisa, kumetulia."

Mimi niliwaza Bagamoyo, mahali pa kufika kwa gari. Yeye ndiye aliyetaja Mafia. Nilifurahi kama mtoto aliyeahidiwa viatu, na sikujiuliza kitu.

Wiki mbili nzima nimepanga. Treni mpaka Dar, basi mpaka Nyamisati, halafu boti. Nilimpata kwa simu mama mmoja mwenye nyumba ya wageni karibu na ufukwe. Aliposikia natokea Tabora akauliza kama tunakuja kwa miguu na pembe za ndovu kichwani kama babu zetu. Nikamwambia babu zetu walishabeba vya kutosha, safari hii mizigo atabeba yeye. Tangu hapo ananiita mtani. Ni yeye aliyenieleza kwamba boti si kitu cha kukisimamisha barabarani ukitaka, na upepo ukichafuka haiondoki kabisa. Mtu akishafika kisiwani, alisema, kafika.

Watoto, Nasra wa miaka kumi na Idi wa sita, wamegeuza mkeka wa sebuleni kuwa bahari. Baba yao akirudi dukani analala kifudifudi nao, anawafundisha kupiga mikono. Nimewapiga picha. Sasa siwezi kuitazama picha hiyo.

Jana nilikwenda mtaa wa Ng'ambo, hapa hapa mjini, kumuaga mama mkwe. Huwezi kusafiri mbali bila kumuaga mkubwa, na mimi kwa hilo sijawahi kukosea. Nilimkuta uani anamenya karanga kwenye ungo. Nikamwamkia, akaniitikia marahaba, nikavuta kigoda na mimi nikaanza kumenya. Nikamweleza habari ya Mafia, boti, mtani wangu, kila kitu. Nilisema sana.

Mkono wake ukasimama. Akaniangalia kwa huruma ambayo sikuielewa.

"Mwanangu, kumbe wewe unapelekwa baharini," alisema. "Mimi nilipewa cherehani."

Halafu akarudi kwenye karanga zake.

Niieleze hiyo cherehani, maana katika ukoo wa mume wangu kila mtu anaijua. Marehemu baba mkwe aliinunua mwezi mmoja kabla ya kuleta mke wa pili. Mama mkwe aliitumia kushona mapazia ya chumba cha mke mwenzake. Kaka mkubwa wa Masudi naye alimletea mkewe friji, na watoto wa mtaa mzima wakaja kunywa maji baridi. Mwezi uliofuata mke mdogo akaingia. Hakuna anayeiita mila. Ni adabu yao tu: kabla ya kumletea mkeo mwenzake, unampa kitu kizuri, ili asije akasema alidharauliwa.

Miaka kumi na miwili nimefungua friji ile nikanywa maji, nikamhurumia mwenye friji, nikarudi kwangu.

Nilimuuliza mama mkwe ni nani huyo. Akasema yeye hajui lolote, asije akaingizwa kwenye maneno. Akapepeta maganda, kisha akasema kule Usinge ni mbali sana kwa mtu wa kupeleka vipuri. Masudi huenda Usinge kila baada ya wiki mbili. Mimi mwenyewe nimewaeleza walimu wenzangu kwamba barabara za kule zinakula pikipiki, ndiyo maana biashara ni nzuri. Nilikuwa najisifia. Sijui kama mama mkwe aliteleza ulimi au alinionea huruma makusudi. Nilimaliza fungu langu la karanga, nikaaga.

Njia nzima nilikuwa nawaza jambo moja. Si mwanamke. Kisiwa.

Kwetu ni Isevya, dakika ishirini kwa miguu kutoka hapa. Mwaka wa tatu wa ndoa tulipogombana, nilijitanda khanga nikaenda, na Masudi alipokuja kunifuata baba yangu alimkalisha kwenye benchi la uani siku tatu mfululizo, asubuhi mpaka adhuhuri, kabla ya kumruhusu aniongeleshe. Hajasahau. Mafia hakuna Isevya. Kule angenieleza watoto wakicheza mchangani, kwa sauti ya chini, nami ningelia kwa sauti ya chini ili wasisikie. Tungerudi Tabora jambo limekwisha, na baba angelisikia likiwa limepoa.

Ndiyo maana kumetulia.

Niseme na la aibu, kwa kuwa hapa sijawahi kujificha. Kuoa dini inamruhusu, na mimi sina ubishi na dini. Ila asubuhi ya leo, baada ya kujua yote hayo, nilijikuta nakunja nguo za safari. Nikasikia sauti ndani yangu inasema: nenda, kaione bahari, msikilize atakachosema, rudi. Nimeingojea miaka yote. Mke wa shemeji yangu alikubali friji na maisha yanaendelea. Nilitaka kukubali zawadi huku nikijua ni ya nini. Niliona jinsi wanawake wa ukoo huu wanavyofika pale, na si kwa ujinga kama nilivyokuwa nadhani.

Baada ya chakula watoto walikwenda kwa jirani. Masudi alikuwa anafuta pikipiki yake uani. Nikasimama mbele yake na kitambaa cha vyombo mkononi, nikamwambia, "Baba Nasra, ulichotaka kuniambia kisiwani, niambie hapa."

Hakuuliza ni kitu gani. Hakusema si kweli. Alisema, "Nani kakwambia?"

Nilikuwa bado na tumaini, sikujua kama lilikuwa kubwa hivyo mpaka lilipoondoka.

Alieleza mengi. Ni mjane, anapika chakula pale stendi ya Usinge, mtu mpole. Hakutaka kuniumiza. Aliona tukiwa mahali pazuri nitalipokea vizuri. Na nilivyomtazama niliona kwamba anasema anachoamini. Kwake yeye huo ulikuwa wema, tena mkubwa kuliko wa kaka yake. Kama angekuwa mkorofi ningejua la kufanya.

Nikamwambia hivi. Watoto wameahidiwa, kwa hiyo watakwenda, na nitawapeleka mimi. Yeye abaki. Siku hizo ambazo sisi hatupo, aende Isevya, akae kwenye lile benchi, amwambie baba yangu yote aliyopanga kuniambia mimi ufukweni. Mimi nikirudi nitafikia Isevya kwanza.

Akaniuliza watu watasemaje, mke kusafiri peke yake. Nikamjibu watasema alichowapa cha kusema. Akavaa kofia yake akaenda dukani, Jumapili, duka lenyewe limefungwa.

Maneno yale nayasoma tena hapa, naona kama aliyesema ni mtu jasiri. Si jasiri. Alipotoka nilirudi jikoni nikaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Baba yangu naye hatapenda kusikia nimevuka maji bila mume, hilo nitalijibu nikirudi. Sijui kuogelea. Sijui kama nikifika kule nitaiona hiyo bahari au nitakaa chumbani nikilia. Sijui kama nitaendelea na ndoa hii, na anayesema kwamba angejua, basi hajafika hapa nilipo. Nampenda bado, na nimemkasirikia.

Nimemwandikia mtani wangu wa Mafia kwamba tutakuwa watatu, si wanne. Amenijibu kwa utani kwamba Mnyamwezi mmoja kaogopa maji. Nimemrudishia kicheko. Sikuwa na nguvu ya zaidi.

Jua linazama. Sasa hivi Nasra ametoka kwa jirani, amehesabu mabegi pale mlangoni, moja limepungua. Ana macho ya bibi yake, hayapitwi na kitu. Akaniuliza kwa nini la baba limerudishwa ndani, kwani baba haji?

Nimemwambia, "Baba ana kazi Isevya."

Akauliza kama ni kazi ngumu. Nikamwambia ndiyo, ni ngumu, na ni yake mwenyewe, hatuwezi kumsaidia.