Macho ya Mama Noela

Katoro, 4 Mei 2024

Shikamoo mayu, mama yangu. Kikohozi kimepungua? Mimi mzima, ila situlii kwa furaha. Kundi letu la maigizo limenipa nafasi ya bibi wa Kisukuma, mchawi. Nilijipaka kitunguu machoni yakawa mekundu, nikavaa kaniki yako, nikatembea kama wewe, mkono kiunoni. Watu walicheka hadi machozi. Video imefika mpaka Nyarugusu. Umeiona?

Mwanao, Noela

Nyumbani, Shinyanga, 19 Mei

Marahaba mwanangu. Kikohozi ni kilekile. Nakuandikia kwa sababu nikipiga simu majirani wanasikia.

Video nilioneshwa na jirani yetu Mama Bujiku. Unavyotema mate nilicheka, maana ni mimi kabisa. Lakini mle kwenye video ndama anakufa, bibi anakimbizwa kwa mapanga, watu wanashangilia. Juzi ndama wa Mama Bujiku amekufa kweli. Tangu siku hiyo Mama Bujiku anakataa kula chakula changu. Unajua bibi wa macho mekundu huku anafanywa nini. Haya yangu ni ya moshi wa mavi ya ng'ombe, moto uleule uliokupikia wewe. Mwambie mkuu wenu afute.

Mama yako

Katoro, 2 Juni

Shikamoo mayu. Sostenes, mkuu wetu, amefuta, lakini imeshaingia kwenye simu za watu. Nimeacha kundi. Naogopa. Jumamosi nakuja kukuchukua. Usibishe.

Noela

Katoro, 23 Juni

Noela, hujambo? Umenidanganya. Ulinipandisha basi, ukanipa ufunguo, ukashuka ukisema unanunua maji, kumbe unabaki kijijini. Sasa nazunguka chumbani kwako kama kuku aliyefungwa kamba. Gesi yako naogopa kuiwasha. Macho yameanza kupona, moyo hapana. Unafanya nini kwangu peke yako? Rudi.

Mama

Nyumbani, 14 Julai

Shikamoo mayu. Washa gesi, haina neno.

Mimi napikia jiko lako, mlango wazi, kila apitaye anione. Kitunguu sijagusa, na macho ni mekundu kama yako. Leo Mama Bujiku alisimama mlangoni akanitazama sana. "Noela, unaumwa?" Nikamwambia, "Siumwi, nimepika."

Nikampakulia ugali na mlenda. Alikaa muda mrefu bila kunawa. Kisha akanawa, akala tonge moja, akaondoka bila kuaga.

Kesho napika tena. Usirudi mpaka nikuandikie kwamba amemaliza sahani.

Mwanao, Noela