Doa Karibu na Ukingo wa Kushoto

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na binti yetu, na kwamba lile goti lako limepunguza ukaidi. Mimi mwili hauna neno. Roho ndiyo haitulii. Tangu nianze kuandika nimekwisha simama mara nne, mara nifungue dirisha, mara nilifunge, mpaka mwenye nyumba ya wageni amebisha hodi kuuliza kama nimepoteza kitu. Hukuniita Kiroboto bure.

Nianze na ulichonituma. Mashine ya kuchapia nimeiona. Nilifika jana nusu saa kabla ya muda tuliopatana, kama ulivyoniagiza, nikaweka kiganja ubavuni mwake hata salamu hazijaisha. Ilikuwa baridi. Hawakuwa wameiwasha mapema ili kuficha inavyokohoa ikiamka. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu anayechapa mitihani ya shule za jirani, mtu mpole mwenye koti la kazi lililolowa wino wa miaka, na anauza kwa sababu macho yake yamechoka. Alinitazama ninavyoipapasa akasema hata aliyemposa binti yake hakukaguliwa hivyo.

Nilifuata maagizo yako yote, maana ulisema hutaki tuuziwe mbuzi kwenye gunia. Niliizungusha kwa mkono mzunguko mzima kabla umeme haujaguswa, ikazunguka bila kukwama. Nilimulika meno ya gia kwa tochi. Yamelika kidogo, si ya kutisha. Nilichomeka vipande vya karatasi kati ya rola za wino nikavivuta kimoja kimoja, vikatoka kwa uzito uleule, isipokuwa kwenye rola ya chini ambayo mpira wake umekakamaa na itabidi ibadilishwe. Vidole vya kukamatia karatasi vyote vinabana sawasawa. Kihesabio cha karatasi zilizochapwa nilikisoma na, kama ulivyosema, sikukiamini. Ilipowashwa ilinguruma bila kugonga, na Mwalimu akanichapia mtihani wa hesabu, herufi kali kama wembe. Kama ningeishia hapo, leo ungepata barua fupi ya kukuambia tuuze kile kiwanja cha mama tuichukue, mimi niendeshe na wewe ukae mbele na wateja, kama tulivyopanga.

Lakini nilitaka kuona rola za maji, nikafungua kifuniko cha ubavuni. Kwa nje mashine imepakwa kijani. Kwa ndani hawakujisumbua, bado ni ya kijivu. Na juu ya kijivu hicho kuna maneno yaliyokwaruzwa kwa msumari, mwandiko wako ninaoujua kuliko wangu, wa siku binti alipozaliwa: Wa kike. Kilo tatu na robo. Mama mzima.

Ni yenyewe, kaka. Ile uliyoiendesha miaka sita, ile iliyokufukuzisha kazi. Tangu hapo imepita mikono ya watu watatu. Nilikaa juu ya rundo la karatasi, Mwalimu akadhani ni njaa akaniletea chai.

Nilipoinuka nilimwomba achape karatasi moja nyeusi tii, ukingo hadi ukingo, bila herufi hata moja. Uso ulimbadilika. Alisema huko ni kupoteza wino, nikamjibu kwamba wino nitaununua mimi. Karatasi ikatoka, na doa lilikuwepo, karibu na ukingo wa kushoto, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, wino umepauka. Akakiri kwamba silinda ina kibonyeo tangu alipoinunua, kwamba huweka karatasi nyembamba chini ya blanketi ya mpira inayoifunika ili kukipunguza, na maandishi yake huyapanga yasifike pale. Sikumwona kama tapeli. Nilimwona kama mtu aliyechoka kuomba Mungu watu wasiulize. Kisha akanisifu. Alisema wanunuzi wanne wamekuja na hakuna aliyeomba karatasi nyeusi, ila mimi nina jicho la fundi. Sijawahi kuona aibu kama ile.

Kaka, halikuwa jicho. Nilijua pa kutazama.

Siku ile binti alikuwa na wiki mbili. Uliniachia karakana saa sita ukawapeleka kliniki, ukaniambia nioshe ndoo na vitambaa tu, mashine nisiiguse. Mimi nikataka urudi ukute zile risiti za mteja zimekwisha kuchapwa, unisifu. Nilikaza kishikio cha karatasi kwa spana yako namba kumi, nikaiacha spana juu ya kingio cha silinda, nikabonyeza swichi. Spana ikateleza ikaingia kwenye silinda, ikalia mara moja tu, kama jino linalovunjika. Nilizima, nikaichomoa, nikaifuta, nikaitia kwenye mfuko wa koti lako lililotundikwa ukutani. Nilikuwa nimekwisha shika kitambaa uliporudi.

Alasiri doa likatokea. Msimamizi akaikuta spana kotini mwako, ina kovu jipya. Nawe hukubisha. Ulimwambia kwamba hujalala wiki mbili kwa ajili ya mtoto, kwamba huenda uliisahau juu ya mashine bila kujua. Ulijihukumu mbele yangu, nami nimesimama na ndoo mkononi.

Tangu siku hiyo unasema mikono yako haiaminiki. Unauza chakula cha kuku, na mashine unanituma mimi nikazikague, wewe uliyenifundisha kuzikagua. Hata katika mpango huu wetu ulijipa kiti cha mbele, mbali na swichi. Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Miaka kumi na miwili nimeutazama wako ukikukunja mgongo, nikajiambia ni mwepesi, utauzoea. Na ulikuwa wangu.

Mikono yako haikukosea. Nimeandika hivyo, nikasimama tena, nimerudi, na bado ni kweli.

Ningeweza kupiga simu, lakini ningeisikia pumzi yako nikaanza kuzungukazunguka kwa maneno. Barua hii anakuja nayo dereva wa lori la karatasi, itakufikia kesho. Ndani ya bahasha nimeikunja ile karatasi nyeusi uone mwenyewe. Kuhusu kununua, sisemi ndiyo wala hapana. Kiwanja ni cha mama, na neno langu halina tena uzito wa kukiuza. Mwalimu atasubiri mpaka Ijumaa, kisha atampa mwingine. Ukitaka, njoo uishike ingali baridi, uizungushe kwa mkono wako. Kila siku mpaka hapo nitakuwa nimekaa mlangoni pa karakana yake tangu asubuhi. Ukipita bila kunisalimia nitaelewa, na sitainuka kukufuata. Nitakaa palepale, nimetulia, ikibidi mchana kutwa.

Nisalimie shemeji, yeye naye ana lake la kunidai. Na binti yetu mwambie kwamba zile kilo zake tatu na robo bado zipo. Hakuna aliyezipaka rangi.

Ni mimi, mdogo wako,
Kiroboto