Chupa ya Wachuka

Jumatatu, 3 Februari 2025

Kidonge cha tano cha utafiti wa mifupa. Kila Jumatatu saa moja asubuhi: glasi nzima ya maji, halafu nusu saa nimekaa wima kama askari. Bila chai! Baridi hii yote na bila chai.

Jirani yangu Wachuka naye yumo. Sote tuna miaka sitini na minne, tulipimwa siku moja, mifupa ikapatikana imekonda sawasawa. Jana kanisani amecheza mpaka kitambaa kikaanguka. Akainama, akaokota! Mimi siwezi. Nikimwona kifua kinaniwaka. Ni wivu, ndiyo. Nani atasoma hapa?

Alhamisi, 13 Februari

Kliniki. Nimemuuliza Sista Karimi nani kati yetu anapewa dawa na nani anapewa vidonge vya unga. Akacheka. Ati hata yeye hajui, ni kompyuta inajua, kwa namba ya chupa. Wanataka kuona kama dawa ni salama kwa sisi tulioacha kuona mwezi.

Mimi najua. Wachuka amepanda ngazi bila kushika ukuta.

Tukapewa chupa mpya. Zinafanana, namba tu ndiyo tofauti. Wachuka akaenda choo. "Mama Tabby, niangalilie kikapu."

Nimemwangalilia. Nimebadilisha chupa.

Jumapili, 2 Machi

Vidonge viwili vya chupa yake. Mgongo ni ule ule. Lakini kifua hakiwaki tena, hata nikimwona! Nikasema Mungu ameniondolea wivu. Nikampelekea mukimo. Hakula.

"Kifua inanichoma, Mama Tabby. Hata uji inapita na shida."

Nikamtania, labda ni wivu. Tukacheka. Kufika mlangoni nikaacha kucheka.

Jumamosi, 15 Machi

Wachuka ametapika damu kidogo. Amelazwa tangu jana. Wamefungua namba yake kwa kompyuta — unga mtupu! Kwa hivyo si dawa, labda ni vidonda vya tumbo. Atatibiwa hivyo, na kidonge cha utafiti aendelee nacho.

Unga wake niko nao mimi. Dawa iko kwake. Ilikuwa yangu tangu mwanzo, na ule moto wa kifua haukuwa wivu. Haukuwa wivu peke yake.

Nikisema, tutatolewa wote wawili na mtaa mzima wa Skuta utajua mimi ni mtu wa aina gani. Leo kwenye maombi ya akina mama kanisani wamemwombea kwa jina. Hata hilo limeniuma.

Jumatatu, 17 Machi

Amenipigia simu asubuhi hii. Ametoka hospitali jana. Anashukuru kwa maombi, ati mimi ni zaidi ya dada. Sauti imekwaruza. Saa moja anameza kidonge kama kawaida, daktari amesema hakina neno.

Nikasema sawa. Sawa!

Kwake ni mlango wa tatu kutoka hapa. Viatu nimevaa. Chupa yake iko mezani, kando ya daftari.

Saa moja kasoro dakika sita.

Kasoro nne. Na bado naandika.