Kalsiamu Imemzidi Mama, Kaka Anamwongezea

Bi Demetria, shikamoo. Naomba msaada wako kabla sijamrushia mtu sufuria. Mama yetu alianza kulalamika mgongo na mbavu, kaka Faraji, ambaye tangu baba afariki ndiye msemaji wa nyumba, akasema ni mifupa ya uzee, akaleta vidonge vya kalsiamu na supu ya kongoro kila asubuhi, mama akazidi kudhoofu, nikampeleka hospitali mwenyewe, damu ikapimwa, daktari akaniambia kuna chembe za damu zilizoharibika, zinamwaga protini zinazochochea mifupa kuliwa, na kalsiamu inayotoka humo imejaa kwenye damu mpaka figo zinaelemewa, akataka alazwe siku ileile na vidonge viachwe, nikampigia kaka kumwomba ruhusa, akaja akamrudisha mama nyumbani, akaniambia, "Mfupa unaisha halafu unamnyima kalsiamu? Daktari gani huyo? Mie ndo mkubwa hapa!" Sasa mama ana kiu isiyoisha, choo hapati, na tangu juzi ananiita Lulu, dada yetu aliyefariki. Nikimtoa kwa nguvu kaka atanisusa, na ukoo mzima utasema nimemvunjia heshima. Nifanyeje?

Nusaiba, Gongo la Mboto

Marahaba, Nusaiba mwanangu, na pole. Pole imeishia hapo. Daktari anasema mgonjwa alazwe, wewe unaomba ruhusa kwa simu, na ukikataliwa unaandikia gazeti! Heshima gani hiyo, ya kumzika mama ili kaka asinune?

Na Faraji anisikie. Kalsiamu ya mama yako haijapotea, imehama. Imetoka kwenye mfupa, imejaa kwenye damu, na wewe unaongeza nyingine juu yake. Ndoo inafurika, wewe unafungulia bomba! Kiu ile, choo kile, na kumwita aliye hai kwa jina la marehemu, usiniambie ni uzee. Ni damu iliyozidiwa. Majuto ni mjukuu, na kaburini huwezi kupeleka supu.

Nusaiba, mwite jirani mwenye gari sasa hivi. Beba majibu ya vipimo na vile vidonge, daktari avione. Mshikeni taratibu, maana mifupa ya namna hiyo huvunjika hata kwa kuinuliwa vibaya. Kaka akinuna, anune. Kikao cha ukoo mtakaa mama akishatoka wodini.

Mie sikungoja gazeti litoke. Nimepiga namba uliyoacha chini ya barua, na simu amepokea mama yako mwenyewe. Nimemwamkia. Akaniita Lulu, akauliza mbona simletei maji.