Mume Wangu Anataka Kufungua Injini Isiyoumwa

Mpendwa Bi Mwantum, naomba msaada wako haraka, kwa maana mwisho wa mwezi mume wangu anafungua injini ya gari lake, na injini hiyo haina ugonjwa wowote, ugonjwa ni mimi.

Mume wangu Felisiani ni fundi wa kuchomelea, na gari hilo ameliunda mwenyewe hapa uani, chasisi ya gari lililokufa, injini ya gari jingine, bodi ya mabati, na dashibodi ameitoa kwenye gari la Zaire, na kwa vile huko usukani uko kushoto, geji zote zimeangukia upande wangu mimi abiria, yeye akiendesha hazioni, basi akanifundisha kuzisoma, ya oili, ya chaji na ya joto, akasema, "Wewe ndiye macho yangu, mshale ukigusa pekundu piga kelele." Nilifurahi kama niliyepewa cheo.

Sasa kila Jumapili tukitoka misa tunakwenda kuangalia ulezi shambani, na njiani tunapita kijiji alikohamishiwa mama yangu, nyumba yake iko barabarani kabisa, lakini tunampungia mkono tu, kwa sababu kwa amri hii ya kubana mafuta, Jumapili ikifika saa nane mchana magari ya binafsi hayaruhusiwi tena barabarani na Felisiani anaogopa polisi, nikimwomba tusimame anajibu, "Wiki ijayo, mama Kalista," na hiyo wiki haifiki, mpaka Jumapili moja nikamwona mama amesimama mlangoni kajifunga khanga yake nzuri, nikajikuta napiga kelele, "Joto! Joto limepanda!" na mshale hata katikati haujafika.

Alisimama hapo hapo. Akizima injini mshale unalala wenyewe, kwa hiyo hana cha kuona. Mama akatuletea togwa, tukazungumza huku gari linapoa, na tangu siku hiyo joto linapanda kila Jumapili, mahali pale pale. Mama naye hajui kitu, ameanza kuliombea gari rozari na anatuwekea debe la maji ya rejeta.

Felisiani amebadilisha kipima joto kilichochomekwa kwenye injini, amebadilisha waya, amezibua rejeta, wenzake wanamcheka kwamba gari lake ni punda, lina kijiji chake cha kuchokea. Jana nimemsikia akimwambia Halfani, fundi wa malori, "Nimeshindwa, kaka. Tulifungue, na tusipoona kitu nalikata vyuma." Nilitamani ardhi inimeze. Nikisema kweli hataniamini tena, nisiposema analikata. Nifanyeje?

Ni mimi, Msoma Geji, Chanji, Sumbawanga.

BI MWANTUM ANAJIBU

Msoma Geji, nimecheka mpaka miwani ikanianguka, kisha nikakasirika. Mwenzio kakukabidhi macho yake, nawe ukayafanyia mchezo! Siku mshale utakapogusa pekundu kweli, mko mlimani, ukapiga kelele, naye ashazoea, mtaiunguza hiyo injini na kurudi Chanji kwa miguu.

Naye mumeo nina neno naye. Akisikia "joto" anafunga breki, akisikia "mama" anakanyaga mafuta. Huo ni uungwana gani? Pole, mwanangu. Kumpita mama mlangoni na khanga yake nzuri kunauma, hata mimi kumeniuma.

Lakini umejiita Msoma Geji ukidhani umejificha, na mume umemtaja jina. Magari yaliyoundwa uani hapo Sumbawanga ni mangapi? Majirani wakishalisoma gazeti hili, watakuwa mlangoni kwako. Kwa hiyo likunje sasa hivi, uwatangulie, mumeo aisikie kwako.

Usianze na machozi, anza na injini. Mwambie, "Felisiani, gari lako ni zima." Furaha hiyo itapunguza nusu ya hasira, nusu iliyobaki ivumilie, ni haki yake. Akitaka kuhamishia geji ya joto upande wake, mshikie bisibisi wala usinune. Halfani apelekewe habari akafungue malori yake. Na Jumapili nendeni misa ya kwanza, ili saa nane isiwe kisingizio cha mtu.

Mkikaribia kwa mama, usitazame geji. Mtazame mumeo, useme, "Simama, nataka kumwona mama yangu." Asiposimama, niandikie tena. Safari hiyo injini tutaiacha, tutamfungua yeye.