Mfupa wa Chini ya Jicho

Juni 4

Kifungua mimba wangu,

Hujambo mwanangu? Kazi zinaendaje? Mimi mzima, ila uzima wenyewe una kasoro kidogo, usije ukashtuka. Jumapili niliteleza bafuni nikaangukia kona ya sinki. Jicho la kulia lilivimba likafumba kabisa, jana ndiyo lilifunguka, na nikitazama juu naona vitu viwili viwili. Jana nilitunga uzi nikaona sindano mbili, nikaupitisha kwenye ile isiyokuwepo. Mteja wangu wa sare za shule akacheka, nami nikacheka naye. Shavu limekufa ganzi mpaka kwenye meno ya juu.

Hospitali wamenipiga picha ile ya kulazwa ndani ya pete. Wewe ndiye unayeshinda na madaktari wa upasuaji, basi niambie kama ni jambo la kuogopa. Daktari alinieleza nikaandika nyuma ya bahasha: sakafu ya tundu la jicho la kulia imevunjika na kuzama, ukingo wa tundu ni mzima, msuli umenaswa kwenye ufa. Tundu la kushoto lina mvunjiko wa zamani uliojiunga wenyewe. Hilo la kushoto nimemwambia amekosea.

Usipige simu, niandikie ujumbe hivi hivi. Kuta za nyumba hii ni nyembamba, na mdogo wako Kitinda hapendi kelele akipumzika. Nafumba jicho moja ndipo herufi zinatulia.

Mama yako


Juni 5

Shikamoo Mama,

Pole sana. Kwanza, usipenge kamasi hata pua ikiziba vipi, hewa itaingia kwenye jicho kupitia huo ufa. Lala kichwa kimeinuliwa. Pili, upasuaji ukubali. Wanapasua kwa ndani ya kope la chini, kovu halionekani. Wanautoa msuli uliobanwa, kisha wanatandika kibati chembamba kama ukucha pale palipozama. Nimewashikia madaktari vifaa vya kazi hiyo mara nyingi. Lakini zisipite wiki mbili, Mama. Ukichelewa, msuli utashikana na kovu hapo hapo, na utaona sindano mbili mpaka unaingia kaburini. Utashonaje?

Sasa nisamehe kwa hili. Mtu akiangukia kona ya sinki, mara nyingi kinachopasuka ni ukingo au shavu. Ukingo wako ni mzima. Ukingo ukibaki mzima na sakafu ikazama, karibu kila mara ni kitu kimelisukuma jicho lenyewe kwa ndani. Ni mpira, au ni ngumi. Hapo nyumbani hakuna anayecheza mpira.

Ni Kitinda?

Mwanao


Juni 10

Mwanangu,

Marahaba. Natumaini u mzima. Ama kweli umesoma, mpaka umesomea na ya nyumbani kwangu. Nimesema niliteleza.

Huyo mdogo wako ndiye aliyenipikia uji siku nne na kunikanda kwa maji baridi. Upasuaji nimeuahirisha. Wana fomu inauliza nani, lini, kwa nini, na jibu likiwa baya inakwenda polisi. Mtoto akikunyea mkono, huukati. Nikiona viwili nitashona mashuka, mshono wa shuka ni mstari tu.

Ila nikwambie kitu, halafu ukifute. Amekuwa akikohoa kama baba yenu. Mara mbili, kimya, mara ya tatu, ndipo afungue mlango. Miaka tisa tangu tumzike, na nikisikia kikohozi kile nakuta nimeshasimama na mgongo wangu uko ukutani. Kitinda akisimama mbele yangu, kwa jicho hili bovu nawaona wawili: mmoja mahali pake, na mwingine juu kidogo ya bega lake. Yule wa juu si Kitinda. Ndiye aliyefanya. Mtoto wangu hana ubaya huo, anarudiwa na baba yenu.

Mama yako


Juni 11

Shikamoo Mama,

Sijafuta, na sitafuta.

Daktari hakukosea jicho la kushoto. Nilikuwa na miaka sita. Baba alinipakata kwenye benchi la hospitali, akanimenyea chungwa, akanifundisha: ukiulizwa, Mama alianguka kwenye ngazi. Daktari akainama, akaniuliza kwa upole kabisa, na mimi nikasema ngazi. Akaandika. Nyumba yetu haikuwa na ngazi, Mama. Haikuwa hata na kizingiti.

Nilidhani nimekusaidia. Nilipokuja kuelewa nilikuwa msichana mkubwa, na tangu hapo sina amani. Akiletwa mezani mwanamke mwenye ukingo mzima, namfunika shuka huku nasikia sauti yangu ya miaka sita ikisema ngazi. Nimezoea kila kitu cha chumba kile, damu na msumeno, ila si hiyo.

Kitinda nimembeba mgongoni, nampenda. Lakini sitasema tena kwamba ulianguka. Zimebaki siku nne wiki mbili zitimie.

Mwanao


Juni 14

Mwanangu,

Kesho asubuhi wananipasua. Kwenye fomu nimeandika nimeteleza. Kitinda amesaini kama ndugu wa karibu. Usinigombeze, niombee.

Mama yako


Juni 17

Shikamoo Mama,

Siku ya tatu sasa sina habari zako. Hospitali wanasema umetoka salama kwenye upasuaji, basi, hawaongezi neno. Simu ya Kitinda inaita tu. Nimepewa ruhusa kazini, mkoba wangu uko mlangoni. Niambie uko wodi gani, au niambie tu kwamba unanisoma.

Mwanao


Juni 18

Mwanangu,

Marahaba. Nimekusoma zote. Uso ulikuwa umevimba, na nilikuwa na la kufikiria.

Nilipozinduka nilitazama darini nikaona taa moja. Nililia mpaka muuguzi akanikataza, akasema machozi yatanisababisha kupenga.

Leo walikuwa wananiruhusu. Kitinda alikuja na nguo zangu, amezifua na kuzipiga pasi mwenyewe. Kabla hajaulizwa na mtu akamwambia muuguzi, "Mama aliteleza bafuni." Machozi yanamtoka. Nilimtazama kwa macho yote mawili, na alikuwa mmoja. Nilitafuta juu ya bega lake. Hapakuwa na mtu, mwanangu. Baba yenu hayupo, alikufa. Alikuwepo mtoto niliyemzaa mimi, na mkono ulionipiga ni wake. Siku zote hizi nilimbebesha maiti mzigo, kwa sababu maiti hana fomu.

Nikamwomba muuguzi aniletee ile fomu upya. Kitinda akasema, "Mama, jamani, usifanye hivyo." Nikafanya. Nikamwambia muuguzi pia na la kushoto, akaliandika chini yake.

Nimekaa kitandani, wodi ya wanawake, kitanda cha mwisho karibu na mlango. Yeye yuko nje kwenye benchi, polisi walioitwa hawajafika, wala yeye hajakimbia. Namsikia analia, analia kama alivyokuwa akilia akiota meno. Miguu yangu imeshashuka chini mara mbili nikairudisha.

Njoo upesi, kabla sijatoka kwenda kumbembeleza.

Mama yako